Malimbuko ya Januari na sikukuu saba za Bwana: Mkristo anadaiwa nini hasa?

Mwalimu wa Darasa la Tatu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nafundisha shule ya msingi hapa Dodoma na nasali kanisa moja la kiroho ambalo sitalitaja, maana nalipenda na humu wamo wanaonijua.

Tangu Novemba tunafundishwa sikukuu za Mambo ya Walawi 23. Alikuja mhubiri mgeni na chati ndefu ya kitambaa, akaitundika mbele: Pasaka, Mikate Isiyotiwa Chachu, Malimbuko, Pentekoste, Baragumu, Upatanisho, Vibanda. Nne za kwanza Yesu alizitimiza alipokuja, tatu za mwisho atazitimiza akirudi. Sitaficha, nilisisimka. Walawi nimekuwa nikikisoma kwa kurukaruka miaka yote, na siku ile kilifunguka. Nikanunua na daftari jipya.

Desemba somo likageuka. Krismasi ikawa ya kipagani (kwaya iliimba tarehe 25 kama kawaida, msiniulize). Na ile sikukuu ya tatu, Malimbuko, ikawa ni mshahara wa Januari. Siyo sehemu ya kumi, ni wote, kama ulivyoingia benki. Mwezi wa kwanza ndio limbuko la mwaka, ukiula umekula cha Mungu, na miezi kumi na moja iliyobaki haitakuwa na baraka. Bahasha zimeshagawiwa, zina nafasi ya jina na namba ya simu.

Nina watoto wawili sekondari ya bweni, na Januari mnaijua: ada, sare, magodoro. Mume wangu ni fundi magari, kanisani anaingia kwenye harusi na misiba. Akisikia habari hii hapatakalika.

Kutoa si tatizo langu, zaka natoa. Nataka kuelewa. Hizi sikukuu zina maana gani kwa Mkristo? Tunadaiwa kuzishika, au ni za kujifunzia tu? Na la malimbuko kuwa Januari limeandikwa wapi? Naomba majibu yenye maandiko, si matusi kwa watumishi.

Mwana wa Sayuni

Shalom mwalimu. Mimi na nyumba yangu tunashika sikukuu, kwa hiyo nitasema upande huo bila kujificha.

Walawi 23:2 haiziiti sikukuu za Wayahudi, inaziita sikukuu za Bwana. Yesu alikwea Yerusalemu wakati wa Vibanda, Yohana 7. Alikuwa hekaluni hata kwenye Sikukuu ya Kutabaruku, Yohana 10:22, ambayo Musa hakuiagiza kabisa. Paulo alikuwa anafanya haraka awahi Yerusalemu siku ya Pentekoste, Matendo 20:16, miaka mingi baada ya msalaba. Na Zekaria 14 inasema mataifa watakwea mwaka kwa mwaka kushika sikukuu ya Vibanda, na jamaa isiyokwea haitapata mvua. Kama zilikufa msalabani, mbona nabii anaziona mbele?

Kanisa liliachana na kalenda hii kwa sababu zisizo za Biblia. Someni barua ya mfalme Konstantino baada ya mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Nikea, mwaka 325. Anasema wazi kwamba haifai kufuata desturi ya Wayahudi katika Pasaka. Hiyo ni chuki.

Lakini mshahara wa Januari hata mimi siujui. Mwezi wa kwanza wa Mungu ni Abibu, Kutoka 12:2, huangukia Machi au Aprili. Januari ni ya Warumi. Mtumishi anayekataa Krismasi kwa kuwa ni ya Warumi, halafu anakusanya malimbuko kwa kalenda ya Warumi hao hao, aulizwe kwa upole.

Katekista

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu Mwana wa Sayuni, hiyo barua ipo na haipendezi, lakini usiruke miaka 170 nyuma yake. Mnamo mwaka 155 Polikarpo, askofu wa Smirna, alifika Roma. Kanisa lake liliadhimisha Pasaka tarehe 14 Nisani (jina jingine la mwezi Abibu), siku ile ile ya Wayahudi, iwe Jumanne au Alhamisi. Roma waliadhimisha Jumapili. Polikarpo na Papa Aniseti wakajadiliana, hakuna aliyemshawishi mwenzake, na Aniseti akamwachia mgeni wake aongoze Ekaristi. Wakaagana kwa amani. Ugomvi ulikuja baadaye.

Na hatujatupa kitu. Usiku wa Pasaka masomo yanaweza kupunguzwa, ila Kutoka 14, kuvuka bahari, halipunguzwi popote duniani. Mwalimu, ukiwa na usingizi mdogo Jumamosi Kuu, karibu parokiani usikilize.

Pilipili Hoho

Mwalimu, mimi si mchungaji. Nalima hoho Iringa, ni Mmoravian wa Rungwe kwa kuzaliwa. Niliwahi kwenda Israel kwa mafunzo ya kilimo, bonde la Araba, jangwani kusini, ng'ambo unaiona milima ya Edomu. Siku ya darasa darasani, siku nyingine shambani kwenye hoho na mitende. Kwa hiyo sikukuu hizi nilizikuta kwanza kwenye ratiba ya kazi, kabla sijazisikia zikihubiriwa.

Siku ya Upatanisho nchi inasimama. Uwanja wa ndege unafungwa, redio na televisheni zinanyamaza, barabara kuu haina gari, watoto wanaifanya uwanja wa baiskeli. Bosi wetu hakuwa mtu wa sinagogi hata kidogo, na bado siku ile hakugusa trekta. Siku chache baadaye Vibanda: uani, kwenye roshani za maghorofa, hata mbele ya migahawa, watu wanasimamisha kibanda. Paa sharti liwe la kitu kilichoota ardhini, na kwa desturi lisizibe kabisa, ukae ndani uone nyota. Makuti mengi yanatoka kwenye mitende kama ile tuliyokuwa tunaihudumia. Mtu mwenye nyumba ya zege na kiyoyozi anakula nje wiki nzima, akumbuke kwamba baba zake walitoka Misri bila nyumba.

Hapo ndipo Yohana 7 iliponiingia. Vibanda huja mwisho wa kiangazi, mvua bado. Wakati wa hekalu, Mishna (mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi) inaeleza, kila siku ya sikukuu makuhani waliteka maji birika la Siloamu kwa chombo cha dhahabu, wakayapandisha kwa tarumbeta na kuyamimina madhabahuni. Uani waliwasha taa kubwa za dhahabu, mji ukang'aa. Sasa katikati ya sikukuu hiyo mtu wa Galilaya anasimama na kupaza sauti, "Mtu akiona kiu, na aje kwangu anywe." Sura inayofuata anasema yeye ndiye nuru ya ulimwengu. Aliyekaa Araba mwezi wa Oktoba, mahali ambapo mvua ya mwaka mzima ni kama ya jioni moja ya masika Rungwe, hahitaji kufafanuliwa. Yesu hakuifuta ile sikukuu. Aliingia ndani yake, akasema ilikuwa inamsubiri yeye.

Sasa malimbuko. Hapa wahubiri wengi wanachanganya vitu viwili, na sidhani wote hawajui.

Cha kwanza ni mganda wa Walawi 23:10-14. Ni shayiri, nafaka inayotangulia kuiva kule. Mganda mmoja kwa ajili ya watu wote, kuhani anautikisa siku ya pili baada ya Sabato, ndani ya juma la Pasaka. Kabla ya hapo hakuna kula nafaka mpya. Baada ya hapo, kila mtu akale shamba lake. Yaani mganda ulitolewa ILI watu wale kilichobaki. Bahasha yenu inasema kinyume. Na Paulo alipolichukua jambo hili hakulipeleka kwenye sadaka. Alilipeleka kaburini: "Kristo amefufuka katika wafu, limbuko lao waliolala," 1 Wakorintho 15:20. Ukifuata hesabu ya Yohana, mwaka ule tarehe 14 Nisani ilikuwa Ijumaa, basi siku ya kutikisa mganda ikawa ile Jumapili aliyofufuka. Mafarisayo na Masadukayo waligombana kuhusu kuihesabu siku hiyo, lakini mwaka ule hesabu zao zote mbili zilikutana. Sisi Wamoravian alfajiri ya Pasaka tunakwenda makaburini, tunaimba kati ya waliolala. Kwangu hiyo ndiyo sikukuu ya Malimbuko. Mungu ndiye aliyetoa.

Cha pili ni kapu la Kumbukumbu la Torati 26. Hili kila mkulima alilipeleka mwenyewe, kuanzia Pentekoste. Mishna ina picha tamu: mkulima anashuka shambani, anaona tini la kwanza limeiva, analifunga unyasi na kusema, hili ni limbuko. Anaona kichala cha zabibu, vivyo hivyo. Komamanga, vivyo hivyo. Halafu watu wa vijiji wanapanda Yerusalemu kwa msafara, filimbi mbele, ng'ombe mwenye pembe zilizopakwa dhahabu. Tajiri na kapu lake la fedha, maskini na la fito za mierebi. Na kuna mahali Mishna inaorodhesha mambo ambayo torati haikuyawekea kipimo. Malimbuko yamo. Hayana kiwango! Anayekwambia ni asilimia mia ya mshahara amekipata kwingine. Tena sura hiyo ya 26 haiishii kwenye kutoa, mstari wa 11 unasema ufurahi, wewe na nyumba yako, pamoja na Mlawi na mgeni aliye kati yenu. Nyumba yako, mwalimu. Fundi magari yumo.

Na Wayahudi wenyewe? Hekalu lilibomolewa na Warumi mwaka 70. Kwa sheria yao, pasipo hekalu hakuna malimbuko. Waliopewa amri hawaleti kapu karibu miaka elfu mbili sasa, na sisi wa Dodoma na Iringa tumeandikiwa bahasha.

Kuhusu chati. Nne za kwanza zimesimama vizuri kwa sababu mitume wenyewe ndio waliounganisha: Pasaka na chachu ni 1 Wakorintho 5:7-8, limbuko nimeshataja, Pentekoste ni Matendo 2. Zile tatu ni kukisia, hata kama ni kukisia kuzuri. Baragumu watu wanaliunganisha na parapanda ya mwisho, lakini Paulo hakusema anazungumzia tarehe mosi ya mwezi wa saba, siku ya sikukuu hiyo. Na Upatanisho kuuweka wote mbele ni kugombana na Waebrania 9, inayosema Kristo ameshaingia patakatifu mara moja tu, kwa damu yake mwenyewe. Chati ningeitumia Shule ya Jumapili. Kupangia miaka, hapana.

Tunadaiwa? Wakolosai 2:16-17: mtu asiwahukumu katika sikukuu, au mwandamo wa mwezi, au sabato, mambo hayo ni kivuli, bali mwili ni wa Kristo. Andiko hilo linakata pande zote. Mwana wa Sayuni ajenge kibanda chake bila kuchekwa, na asimwambie jirani asiye na kibanda kwamba ni mpagani. Mitume walipokaa Yerusalemu, Matendo 15, kuamua mataifa watwishwe nini, waliandika mambo manne. Hakuna hata sikukuu moja.

Msabato wa Upareni

Nimeona sabato imetajwa, nisikae kimya. Watu hutuchanganya na wanaoshika sikukuu. Kanisa la Waadventista linashika Sabato ya kila juma kwa kuwa imetoka Edeni na imo katika amri kumi. Sikukuu za mwaka zilikuwa kivuli, zilikoma. Wapo wenzetu wachache wanaozishika, msimamo wa kanisa si huo.

Ila Siku ya Upatanisho kwetu si jambo dogo. Wafuasi wa William Miller, mhubiri wa Marekani, walimngoja Yesu tarehe 22 Oktoba 1844 kwa kuwa kwa kalenda ya Wakaraimu (Wayahudi wasiofuata mafundisho ya marabi) walihesabu ndiyo tarehe 10 ya mwezi wa saba. Hakuja. Waliotokea kuwa sisi walirudi kwenye Danieli 8:14 wakaona kwamba siku hiyo ilianza kazi ya kutakasa patakatifu pa mbinguni. Kwa hiyo ndugu Pilipili, kafara imekwisha, hapo tuko pamoja. Huduma ya kuhani ndiyo bado inaendelea.

Pilipili Hoho

Msabato, kusoma nimesoma, kukubali bado. Tukutane siku moja Same tuongee kwa nafasi, maana hapa tutamwibia mwalimu uzi wake.

Mwalimu wa Darasa la Tatu

Asanteni sana, hata mliobishana. Nimeisoma Kumbukumbu 26 yote jana usiku, ile ya "Baba yangu alikuwa Mwarami karibu na kupotea". Kumbe mkulima anatoa kapu na kusimulia alikotoka! Hilo halikutajwa mbele ya chati.

Nina jingine. Akina mama wa kanisa wanataka mwaka huu tuandae chakula cha Pasaka ya Kiyahudi, mwanakondoo, mboga chungu, mikate, "kama alivyokula Yesu". Wamenipa mimi niongoze kwa kuwa ni mwalimu. Ni vibaya? Na bahasha niifanyeje?

Pilipili Hoho

Si vibaya, ila msiite hivyo.

Bosi wetu alitualika mezani kwake usiku wa Pasaka. Kwanza wiki nzima madukani rafu za mikate na biskuti zilikuwa zimefunikwa kwa plastiki, huuziwi chachu. Mezani mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayeuliza mbona usiku huu si kama mingine, na wakubwa wanajibu kwa kusimulia Misri mpaka saa za usiku wa manane. Wakitaja mapigo kumi wanadondosha divai kidogo kwa kila pigo, furaha ipungue kwa ajili ya Wamisri waliokufa. Mlango unafunguliwa kumngoja Eliya. Na mwanzoni kabisa wanasema, kila mwenye njaa na aje ale. Sisi wageni wawili kutoka Afrika tukatazamana.

Mwanakondoo hakuwepo. Ulikuwepo mfupa tu kwenye sahani. Familia nyingi za Kiyahudi hazichomi mwanakondoo usiku ule kwa sababu hekalu halipo. Wanaochinja mpaka leo ni Wasamaria, Mlima Gerizimu. Na mpangilio ule wa meza, sehemu kubwa ulikamilishwa baada ya mwaka 70. Kwa hiyo "kama alivyokula Yesu" hatuwezi kuahidi. Jingine ni la heshima: wapo Wayahudi wanaoumia wakiona Wakristo wamechukua meza yao na kuigeuza mahubiri kitu kwa kitu. Karne nyingi Ulaya, majira ya Pasaka ndiyo waliyozushiwa kwamba wanatumia damu ya watoto wa Kikristo, wakauawa kwa uzushi huo. Wao bado wanalikumbuka.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Soma Kutoka 12, yote, taratibu, watoto wawepo na waulize. Kula mkate usio na hamira pamoja na mboga chungu. Halafu soma 1 Wakorintho 11, mwombe mchungaji awape Meza ya Bwana kama kanisa lenu linaruhusu. Liite somo la Pasaka, basi. Mkate hauwasumbui, chapati zetu hazina hamira. Wao wana sharti kali zaidi, tangu maji yaguse unga mpaka mkate uive zisipite dakika 18. Akina mama wa Dodoma nawajua, wataweza.

Bahasha: 2 Wakorintho 9:7, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima." Ongea na mumeo kwanza, mkubaliane kiasi baada ya ada, ukitie humo kwa furaha. Nafasi ya jina na simu iache wazi. Mchungaji akiuliza, msomee Kumbukumbu 26:11 na umuulize yeye ni yupi, Mlawi au mgeni. Uliza ukicheka.

Mwana wa Sayuni

Tarehe ya mwaka huu: jioni ya Jumatano, 1 Aprili 2026. Ijumaa Kuu yenu ni tarehe 3, safari hii kalenda zimekaribiana. Na ndugu Pilipili, mimi sijamwita mtu mpagani. Kibanda changu kiko wazi kuanzia mwisho wa Septemba, njoo na hoho.

Mwalimu wa Darasa la Tatu

Tarehe 1 ni Jumatano na sisi tuna ibada ya katikati ya wiki, imekaa vizuri. Mboga chungu nifikirie nini? Mchunga?

Katekista

Mchunga unafaa. Aprili mvua zinakuwa hazijaisha, nenda soko la Majengo asubuhi mapema, utaupata kwa mafungu. Usiuchemshe mara mbili kama tunavyofanya nyumbani, utatoka uchungu wote.